Ndoa na uraia wa Marekani: yanayoulizwa ndani ya chumba cha mahojiano na yanayofuata ukitoka

Katika misiba, harusi na makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Marekani kuna sentensi moja inayorudiwa kana kwamba imeandikwa katika katiba ya nchi hiyo: ukioana na Mmarekani, baada ya miaka mitatu unapewa uraia. Ugumu wa sentensi hiyo ni kwamba si uongo mtupu. Miaka mitatu imo katika sheria na ndoa imo katika sheria, lakini neno "unapewa" ndilo linalowaponza watu, kwa kuwa huwafanya waende kwenye mahojiano wakidhani wanakwenda kuchukua kitu walichokwisha tengewa, ilhali wanakwenda kuomba, na ombi linaweza kukataliwa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na kuyachanganya. Mtu anayehamia Marekani kwa njia ya ndoa hapati uraia kwanza, bali hupata ukaazi wa kudumu, yaani ile hali inayothibitishwa na kadi ya kijani. Kadi hiyo humruhusu kuishi na kufanya kazi nchini humo, lakini yeye hubaki raia wa nchi alikotoka, hapigi kura katika uchaguzi wa taifa, na anaweza kuondolewa nchini akitiwa hatiani kwa makosa ya aina fulani. Anafanana na mpangaji mwenye mkataba mrefu, ambaye analala kwa amani na kupaka kuta rangi aitakayo, lakini hati ya nyumba haina jina lake. Uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni baada ya kuuomba, ndiyo hati. Kati ya mkataba na hati hiyo kuna fomu ya kuomba uraia iitwayo N-400, kuna mahojiano yenye mtihani ndani yake, na kuna kiapo. Na kinachomfanya mtu kuwa raia ni kiapo, wala si mahojiano.

Kwa kawaida mwenye kadi ya kijani husubiri miaka 5 ndipo aombe uraia. Aliyeoana na raia wa Marekani huruhusiwa kuomba baada ya miaka 3. Hiyo ndiyo kazi yote ambayo ndoa inaifanya katika hatua hii: inapunguza miaka miwili ya kusubiri. Fikiria kivuko cha Kigamboni au cha Likoni siku ambayo pana foleni mbili, moja ndefu na nyingine fupi, na ndoa ni kibali cha kupita kwenye ile fupi. Mwenye kibali anapanda pantoni ileile, anakaguliwa mizigo vilevile, ila tofauti na wenzake wa foleni ndefu, yeye anatakiwa awe na kibali chake mkononi mpaka mguu wake ukanyage pantoni. Kibali kikifutwa kabla hajapanda, hatupwi baharini. Anarudishwa kwenye foleni ndefu. Karibu maswali yote yanayozuka kuhusu uraia kwa njia ya ndoa, yakiwemo yale ya kutisha yanayohusu talaka, hujibika kwa kukumbuka foleni hizi mbili.

Inafaa kusema kwamba wanaoamini uraia huja pamoja na ndoa hawakuitoa imani hiyo hewani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1855 ilimfanya mwanamke wa kigeni kuwa raia pale tu alipoolewa na raia, na sheria ya mwaka 1907 ilimvua uraia mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni. Mwanamke alichukuliwa kuwa anafuata bendera ya mumewe, kama mzigo unavyofuata jahazi. Mwaka 1922 sheria iliyojulikana kama ya Cable ilianza kuuvunja mpango huo, na tangu wakati huo kila mtu, mke au mume, huomba kwa jina lake mwenyewe.

Hesabu ya miaka mitatu

Wengi huanguka hapa, kabla hata ya kumwona afisa. Sababu ni kwamba sheria haihesabu miaka mitatu mara moja, bali inaihesabu mara tatu kwa wakati mmoja: miaka mitatu ya kuwa na kadi ya kijani, miaka mitatu ya kuishi pamoja katika ndoa na raia huyohuyo, na miaka mitatu ya mwenza huyo kuwa raia. Fomu inaweza kutumwa siku 90 kabla ya hesabu ya kwanza kutimia, lakini hizo nyingine mbili zinapaswa ziwe zimetimia siku fomu inapotumwa.

Tuseme Asha alipata kadi yake kwa bahati nasibu ya viza, akaolewa mwaka huohuo na mwanamume mwenye kadi kama yake, kisha mume huyo akala kiapo cha uraia mwaka jana. Asha ana miaka minne ya kadi na miaka minne ya ndoa, lakini mumewe ana mwaka mmoja tu wa uraia, kwa hiyo foleni fupi haijafunguka kwake, na atakuwa amemaliza ile ndefu kabla mumewe hajatimiza miaka mitatu ya uraia. Mfano huo unaonyesha jambo lingine linalosahaulika: haidhuru kadi ilipatikana kwa njia gani. Aliyeipata kwa bahati nasibu, kwa kazi au kwa ukimbizi anaweza kutumia kanuni ya ndoa, mradi masharti yote yametimia.

Wakimbizi wa Kongo waliotoka katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, wana sababu ya pekee ya kutazama tarehe kwa makini. Mkimbizi anapopata kadi ya kijani, tarehe ya ukaazi wake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani, kwa hiyo miaka yake mitano huenda ikatimia kabla ya ile mitatu ya ndoa aliyoifunga baadaye. Mtu wa namna hiyo hana sababu yoyote ya kuibeba ndoa yake mezani kwa afisa kama msingi wa ombi.

Kuwapo nchini nako huhesabiwa. Anayetumia kanuni ya ndoa anapaswa awe amekaa ndani ya Marekani angalau miezi 18 kati ya ile 36, na awe ameishi miezi mitatu katika eneo anakoombea. Safari moja ya zaidi ya miezi sita, hata ya kumuuguza mzazi Tanga au Bukavu, huleta dhana kwamba ukaazi umekatika, na ni mwombaji anayepaswa kuonyesha kwamba nyumba, kazi na familia yake vilibaki Marekani.

Kuhusu maneno "kuishi pamoja", sheria inayachukua kama yalivyo. Waliotengana, hata kama hawajaachana rasmi, wana tatizo. Hata hivyo, kutokuwapo nyumbani kwa sababu ya jeshi au kwa mahitaji ya lazima ya kazi hakuhesabiwi kuwa kutengana, na jambo hilo linafaa kusemwa kwa sauti kwa kuwa Waswahili wengi huko wanaendesha malori ya masafa marefu na wake zao wanaishi kwa hofu kwamba wiki tatu za barabarani zitaitwa utengano. Haziitwi hivyo, maadamu dereva akirudi anarudi kwenye nyumba hiyohiyo.

Ndoa hukaguliwa zaidi ya mara moja

Uvumi wa kuulizwa rangi ya mswaki, upande gani wa kitanda mume analala na alikula nini asubuhi, hauhusu mahojiano ya uraia. Unatoka kwenye hatua ya kadi ya kijani, ambapo afisa anaposhuku ndoa anaweza kuwatenganisha mume na mke, kumuuliza kila mmoja maswali yaleyale, kisha kulinganisha majibu. Mahojiano hayo ya kutenganishwa hujulikana kwa jina Stokes, kutokana na kesi iliyofikishwa mahakamani mjini New York katika miaka ya 1970.

Baada ya hapo kuna ukaguzi wa pili, uliowekwa na sheria ya mwaka 1986 ya kupambana na ndoa za bandia, zile ambazo mitaani huitwa ndoa za makaratasi. Ikiwa ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili siku ukaazi ulipotolewa, kadi huwa ya masharti na hudumu kwa miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho wanandoa hutuma kwa pamoja fomu I-751 wakionyesha kwamba bado wanaishi pamoja. Aliyeachika, au aliyepigwa na kunyanyaswa, anaweza kuituma peke yake na kuomba asamehewe sharti la kutia saini na mwenza. Adhabu ya kufunga ndoa kwa kusudi la kukwepa sheria za uhamiaji ni kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi dola 250,000, au vyote viwili.

Ombi la uraia kwa miaka mitatu ni ukaguzi wa tatu. Mara nyingine hukutana na ule wa pili, kwa sababu fomu I-751 huweza kukaa muda mrefu bila kujibiwa hadi mwombaji akafikisha siku ya kutuma N-400. Hapo idara ya uraia na uhamiaji, ambayo wengi huiita kwa herufi zake USCIS, haiwezi kuutoa uraia kabla ya kuliamua lile ombi la kuondoa masharti, na mara nyingi huyashughulikia yote mawili siku moja. Katika hali hiyo mwenza anapaswa kufika. Pasipo I-751 iliyosubiri, mwombaji huingia peke yake, isipokuwa barua ya wito iseme vinginevyo. Lakini kumleta mwenza akakaa ukumbini hakugharimu kitu.

Ndani ya chumba

Chumba chenyewe huwavunja moyo waliotarajia kitu kama mahakama. Kwa kawaida ni ofisi ndogo yenye meza, kompyuta na faili. Afisa humwapisha mwombaji kwamba atasema kweli, na kuanzia hapo kila jibu ni jibu la kiapo. Mtihani wa Kiingereza nao umekwisha kuanza, ingawa hakuna aliyetangaza, kwa kuwa uwezo wa kuzungumza hupimwa kwa namna mwombaji anavyoelewa na kujibu maswali ya fomu yake mwenyewe. Baadaye kidogo atasoma sentensi, na akiisoma moja kwa usahihi kati ya tatu amefaulu. Ataandika sentensi kwa imla, nayo ni moja kati ya tatu.

Maswali ya historia na serikali ndiyo yanayoogopwa zaidi, na kwa maoni yangu yanaogopwa kupita kiasi, kwa kuwa yote huchapishwa pamoja na majibu yake na yeyote anaweza kuyakariri akiosha vyombo. Kinachohitaji uangalifu ni kujua unasoma orodha ipi. Waliotuma fomu kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 hufanya mtihani wa mwaka 2008, wenye maswali 100, ambamo huulizwa maswali yasiyozidi 10 na kutakiwa kupata 6. Waliotuma tarehe hiyo au baadaye hufanya mtihani mpya wenye maswali 128, ambamo huulizwa yasiyozidi 20 na kutakiwa kupata 12, na afisa huacha kuuliza mwombaji akifikisha majibu sahihi 12 au akikosea mara 9. Mtu aliyejifunza kwa karatasi za jirani aliyefaulu mwaka 2023 anaweza kuwa anajifunza mtihani usio wake.

Kinachoangusha watu kimya kimya ni sehemu nyingine kabisa, ule mfululizo wa maswali yanayoanza na "umewahi". Umewahi kukamatwa na polisi, umewahi kudai kuwa raia wa Marekani, umewahi kupiga kura, umewahi kumtesa mtu kwa sababu ya dini au kabila, umewahi kudanganya afisa ili uingie nchini. Maneno yake ni mazito hata kwa aliyezaliwa na Kiingereza, na mwombaji aliyekwisha choka hujikuta anasema hapana kwa kila kitu, likiwemo swali linalotaka ndiyo. Afisa hupenda kumtaka aeleze neno kwa maneno yake mwenyewe. Asiyeelewa ana haki ya kuomba swali lirudiwe au lisemwe kwa njia rahisi, na kuomba hivyo ni salama kuliko kubahatisha. "Umewahi", zaidi ya hayo, haina mipaka ya nchi wala ya umri: usiku mmoja katika kituo cha polisi cha Temeke miaka kumi na tano iliyopita, hata kama kesi haikufika popote, umo ndani ya neno hilo.

Kisha kuna ndoa yenyewe. Nyaraka zinazotakiwa zinajulikana: cheti cha ndoa, uthibitisho wa uraia wa mwenza, vyeti vya talaka au vifo vya ndoa zote zilizotangulia za pande zote mbili, taarifa za kodi za miaka mitatu, na vielelezo vya maisha ya pamoja kama mkataba wa pango, akaunti ya benki, bima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Karatasi yenye nguvu ni ile iliyotengenezwa na maisha, si ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mahojiano. Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa mwezi uliopita na kuwekwa dola hamsini humwambia afisa jambo tofauti na lile mwombaji alilokusudia, ilhali bili ya umeme ya miaka mitatu, yenye madeni na malipo yaliyochelewa, inashawishi kwa ubaya wake wenyewe.

Neno talaka linahitaji aya yake, kwa sababu desturi zetu na faili la Marekani havisomi neno hilo kwa namna moja. Talaka iliyotamkwa nyumbani mbele ya wazee, ikakubalika kwa familia zote mbili na mtaa mzima wa majirani, inaweza kuwa imemaliza ndoa kwa dhamiri ya waliohusika, lakini Marekani huuliza kama talaka hiyo ni halali kwa sheria za mahali ilipotolewa, na huuliza kwa kutaka karatasi. Kama karatasi haipo, ndoa ya zamani huhesabiwa kuwa bado ipo, na ndoa mpya na raia huwa haikuwa ndoa tangu siku ya kwanza. Hali ni hiyohiyo kwa ndoa za wake wengi: sheria ya uhamiaji ya Marekani huitambua ile ya kwanza tu, na fomu N-400 inauliza waziwazi kama mwombaji amewahi kuwa na wenza zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mwanamke aliyeolewa mke wa pili na raia wa Marekani mwenye mke Unguja hana kibali cha foleni fupi, hata kama nikaha yake ilifungwa na shehe na ikahudhuriwa na mtaa mzima. Ndoa ya kimila na watoto waliotajwa au kuachwa katika mahojiano ya kambini nazo zimo katika faili lile mezani, pamoja na maelezo ya wale ambao lugha ya mtaani huwaita waliojilipua, yaani walioomba hifadhi kwa historia isiyo yao. Afisa anapouliza kwa upole "una watoto wangapi?", huenda analo jibu la mwaka 2012 mbele yake. Mwenye tofauti ya namna hiyo katika faili lake anahitaji wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu, si baada ya kupata barua.

Karatasi mkononi, lakini bado si raia

Mwisho wa mahojiano mwombaji hupewa karatasi ya matokeo, fomu N-652. Inaweza kusema amefaulu na ombi limependekezwa kukubaliwa; inaweza kusema hakufaulu sehemu fulani ya mtihani, naye ataitwa tena kati ya siku 60 na 90 kurudia sehemu ile tu; au inaweza kusema uamuzi hauwezi kutolewa bado. Jibu hili la tatu ndilo linalowanyima watu usingizi, ingawa maana yake mara nyingi ni kwamba kuna nyaraka zinazongojwa, faili linalopitiwa na msimamizi, au ukaguzi wa usalama ambao haujarudi. Sheria imeweka siku 120 tangu siku ya mahojiano. Zikipita bila uamuzi, mwombaji anaweza kuipeleka idara katika mahakama ya shirikisho, ambayo ama itaamua yenyewe au itaielekeza idara iamue.

Ombi likikataliwa, barua hueleza sababu, na mwombaji ana siku 30 za kuomba kusikilizwa upya mbele ya afisa mwingine kwa fomu N-336. Kukataliwa hakuchukui kadi ya kijani. Aliyeshindwa mtihani au aliyekosea hesabu ya miaka huenda akatuma fomu mpya na kulipa tena ada, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 710 kwa anayetuma kwa mtandao na 760 kwa anayetuma karatasi. Lakini nisiwatulize watu kupita kiasi: kutuma N-400 ni kuwaalika wafungue faili lote, na kama ndani yake kuna ndoa ya bandia au kosa linalomwondolea mtu ukaazi, ombi la uraia ndilo linaloweza kuifikisha kesi mbele ya hakimu wa uhamiaji.

Waliofaulu nao hupita kipindi chenye mtego. Sehemu nyingine kiapo hutolewa siku hiyohiyo, na sehemu nyingine husubiriwa kwa wiki au miezi. Katika kipindi hicho aliyepongezwa na afisa bado ni raia wa Tanzania, Kenya au Kongo mwenye kadi ya kijani. Akijiandikisha kupiga kura kwa furaha, amedai uraia asio nao, na kosa hilo ni miongoni mwa mabaya zaidi mgeni anaweza kufanya. Na kwa anayetumia kanuni ya ndoa, kibali bado kiko mkononi, hajapanda pantoni: ndoa ikivunjwa kwa talaka kabla ya kiapo, au mwenza raia akifariki, haki ya miaka mitatu huondoka nayo. Inaonekana ukatili kumrudisha mjane kwenye foleni ndefu wiki chache baada ya mazishi, lakini ndivyo sheria ilivyo. Kadi yake hubaki, na miaka yake mitano huendelea kuhesabiwa. Kuna msamaha kwa waliopata ukaazi kwa sababu ya kudhulumiwa na mwenza raia: hao hutumia miaka mitatu bila kutakiwa kuishi na aliyewadhulumu.

Siku ya kiapo huja na fomu N-445, ambayo inauliza tena, kwa muda uliopita tangu mahojiano: umeoa au kuachika, umesafiri, umekamatwa? Watu huijaza kwa haraka wakiwa wamevaa nguo za sherehe, nayo si ya sherehe hata kidogo. Kadi ya kijani hurudishwa mezani, mkono wa kulia huinuliwa, kiapo husomwa, na kila mmoja hupewa cheti cha uraia. Kabla ya kuanza kupiga picha, kisome cheti hicho herufi kwa herufi. Majina yetu matatu, yenye bin na binti, yaliyogeuzwa ya kati kuwa ya mwisho na ofisa wa kambi miaka kumi iliyopita, hufika kwenye cheti yakiwa yamejeruhiwa, na wakimbizi wengi wanabeba Januari 1 kama tarehe ya kuzaliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti siku ya kuandikishwa. Jina linaweza kubadilishwa kwa amri ya mahakama. Tarehe ya kuzaliwa ambayo mwombaji mwenyewe aliithibitisha kwa kiapo ni ngumu sana kuibadilisha baadaye, kwa hiyo mahali pa kuisema ni katika fomu na mahojiano.

Baada ya kiapo

Kuanzia hapa ndoa haina kazi tena katika uraia. Talaka ya mwezi unaofuata haiuondoi, na mume anayetishia kwamba "nitaufuta uraia wako" anatisha kwa kitu asichonacho. Kwa upande wake, mume huyo anapata nafuu ambayo wengi hawaijui: ile ahadi aliyoitia saini ya kumsaidia mgeni asiwe mzigo kwa serikali, ambayo haifutwi na talaka, hufika mwisho mgeni anapokuwa raia.

Kinachoweza kuuondoa uraia ni uongo uliotumika kuupata, na hilo huamuliwa na mahakama. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Maslenjak, mwanamke kutoka Bosnia aliyedanganya kuhusu mumewe alipoomba ukimbizi, ilisema kwamba haitoshi kuonyesha kuwa mtu alidanganya. Serikali inapaswa kuonyesha kwamba uongo huo ulichangia yeye kupata uraia. Ulinzi huo ni wa kweli, lakini hauwasaidii waliofunga ndoa ya kununua, kwani kwao uongo ndio uliobeba kila kitu.

Watoto wa chini ya miaka 18 wenye kadi ya kijani, wanaoishi Marekani na mzazi huyo akiwa na haki ya malezi, huwa raia papo hapo mzazi anapoapa, kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001. Hawafanyi mahojiano wala mtihani. Mzazi huwaombea pasi, au cheti chao kwa fomu N-600. Aliyetimiza miaka 18 wiki moja kabla ya kiapo cha mama yake hayumo, na kwa familia zenye kijana wa miaka 17 hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kutochelewesha fomu.

Swali la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: na uraia wa nyumbani? Hapo jibu halitoki Washington. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu raia kuwa na uraia mwingine, ila sheria ya mwaka uliofuata inamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na anayeapa kwa hiari yake katika nchi nyingine hupoteza wa Tanzania, pamoja na haki ya kumiliki ardhi kama mwananchi. Hadhi maalumu kwa ajili ya wenye asili ya Tanzania walio ughaibuni ni nafuu, lakini si uraia. Kwa hiyo Mtanzania aliyepita foleni fupi ya ndoa na kula kiapo, akishuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kwenda kumzika baba yake, ataonyesha pasi ya rangi nyingine, atatakiwa awe na viza, na atapanga foleni ya wageni.